Hadithi za Alfu Lela Ulela na Watoto Wetu Wasomao



Jumapili moja mwaka huu, ibada ilipokwisha, mama mmoja wa usharika wetu hapa Morogoro alinijia na kitabu kinene alichokifunga katika kanga. Alikifungua kama mtu aoneshaye kisu alichomnyang'anya mtoto. Akasema, "Mchungaji, nimekikuta hiki chini ya godoro la mwanangu. Ni cha wachawi. Nikichome mimi, au utakichoma wewe?"

Nalikitazama. Kilikuwa kimoja cha vile vitabu saba vya Harry Potter, vilivyoandikwa na mwanamke Mwingereza, J. K. Rowling, vikatoka kimoja baada ya kimoja tangu 1997 hata 2007. Vimefasiriwa katika lugha zaidi ya 80, na nakala zilizouzwa zapita milioni 500. Mwana wa mama huyo yu darasa la sita katika shule ifundishayo kwa Kiingereza, naye alikiazima kwa mwenzake.

Sikumjibu siku ile. Nalimwomba aniachie kitabu, nikamwahidi jibu. Somo hili ndilo jibu lake, nami naliandika kwa ajili ya wainjilisti, walimu wa kipaimara na wazee wa kanisa pia, maana swali hili litawafikia, ikiwa halijawafikia bado. Lakini sitaanza na kitabu cha yule mtoto. Nitaanza na vitabu vyangu mwenyewe, kwa kuwa mimi nami nalikua nikisoma habari za majini na wachawi, na habari hizo zilinitia katika kosa ambalo sijapata kuliandika mahali popote hata leo.

Nalizaliwa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, juu ya njia ipandayo kutoka Mkuyuni kwenda Kinole. Baba alikuwa mwinjilisti. Waijuao milima yetu wajua jinsi ilivyo: migomba na minanasi mabondeni, vijito vishukavyo kila upande hata kuingia mto Ruvu, na juu kabisa msitu ambao mawingu hayauachi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hupita kwa mama. Kwa hiyo mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto, pengine kuliko baba. Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa shule aliyestaafu. Katika sanduku lake la bati, kati ya vyeti na barua, mlikuwamo vitabu viwili vilivyoliwa na mende pembeni, navyo ni Alfu Lela Ulela, kitabu cha kwanza na cha pili. Cha tatu kilikuwako, akasema, lakini kilichukuliwa na maji siku alipovuka mto katika masika.

Wazee wasomaji watavikumbuka. Edwin Brenn ndiye aliyezifasiri hadithi zile kwa Kiswahili, na Frederick Johnson akazipitia, yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Halmashauri ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliyoanzishwa 1930. Johnson huyo huyo alifasiri Mashimo ya Mfalme Suleimani, Kisiwa chenye Hazina na Safari za Gulliver. Watu wengi waliosoma katika shule za Tanganyika kabla ya uhuru wa 1961 walijifunza kupenda kusoma kwa vitabu hivyo, na baadhi yao walivitunza kama mjomba alivyovitunza, wakawapa watoto wa dada zao.

Mjomba alinipa kitabu cha kwanza mwaka 1991, nikiwa na umri wa miaka 11, kwa sharti moja, nisikunje kurasa. Sharti jingine hakuliweka, na baadaye alijilaumu. Nalisoma usiku kwa kibatari, hata asubuhi pua zangu zilikuwa nyeusi ndani kwa moshi. Baba alinung'unika juu ya mafuta ya taa, lakini hakunikataza. Alidhani nasoma Katekisimo, wala mimi sikumwondolea dhana hiyo.

Ikiwa msomaji hajaviona vitabu hivi, na ajue kwamba hadithi zake zote zimefungwa ndani ya hadithi moja. Mfalme Shahriari alikosewa na mkewe, akaapa kwamba ataoa mwanamwali mpya kila siku na kumwua asubuhi. Binti wa waziri wake, Shahrazadi, akataka mwenyewe aolewe naye. Usiku akaanza kusimulia hadithi, na kulipopambazuka alikuwa hajaimaliza. Mfalme akamwacha hai ili asikie mwisho wake. Na usiku wa pili ikawa vile vile, na wa tatu, hata zikatimia usiku elfu na moja. Nilipokuwa mtoto nalikiruka kisa hiki upesi, maana nalitaka majini. Sasa nakirudia kuliko vingine vyote, kwa kuwa sijui kitabu kingine ambamo hadithi yauzuia upanga karibu miaka mitatu.

Siku zile nalipenda zaidi kisa cha mvuvi. Mvuvi maskini alitupa wavu wake, akavua chupa ya shaba yenye muhuri wa Suleimani. Alipoifungua, moshi ukatoka hata mawinguni, ukawa jini, naye jini akamwambia achague namna ya kufa. Mvuvi akasema hasadiki kabisa kwamba mwili mkubwa vile ulienea katika chupa ndogo vile. Jini akaingia tena ili amwoneshe, na mvuvi akaziba. Nalicheka hata nikakizima kibatari kwa pumzi yangu. Tangu siku ile, nikitumwa maji jioni karibu na msitu, kila kivuli nilichokiona nalikiuliza kimoyomoyo kama kingeenea katika chupa. Hofu ikanipungua. Faida hii naitaja mapema, nisije nikadhaniwa kwamba naleta mashtaka tu.

Lakini mwanzoni kabisa mwa kitabu mna kisa cha mzee afuatanaye na swala. Swala huyo alikuwa mkewe. Mwanamke yule alijifunza uchawi kwa siri, na mumewe aliposafiri alimgeuza mwana wa suria kuwa ndama, na suria mwenyewe kuwa ng'ombe. Sikukuu ikaja. Mzee akaagiza ng'ombe achinjwe, akachinjwa. Kisha akaletewa ndama, naye ndama akalia na kujibingirisha miguuni pake, hata mkono wenye kisu ukalegea. Nalikisoma kisa hiki mara nyingi, wala hakikunichekesha hata mara moja.

Karibu na kwetu aliishi bibi mmoja mjane. Alikuwa na mbuzi dume mweupe aliyemfuata kila aendako, shambani, mtoni, hata mlangoni pa kanisa, akilia kwa sauti kama ya mtoto. Na bibi huyo alikuwa na mjukuu aliyekwenda Dar es Salaam, ambaye hakuonekana kijijini kwa mwaka mzima. Msomaji ameshaona niendako.

Naliwaambia wenzangu wawili tulipokuwa tukichota maji. Wala sikusema, "Nimesoma hadithi." Nalisema, "Nimesoma." Neno hilo lina nguvu sana kwetu, hasa likitoka kinywani mwa mwana wa mwinjilisti. Kabla ya siku saba habari ilikuwa imefika kwa kina mama, nayo haikuwa na kitabu ndani yake tena, wala mzee, wala swala. Ilikuwa na bibi, mjukuu na mbuzi tu. Usiku mmoja mawe yalitupwa juu ya nyumba yake. Asubuhi mbuzi alikutwa chini ya migomba, amekatwa shingo. Aliyefanya hakujulikana. Bibi hakulia mbele ya watu. Alifunga mlango wake, na Jumapili mbili mahali pake kanisani pakawa patupu.

Watu wazima walijua vema kwamba yule mjukuu anauza nguo Kariakoo. Hata mmoja wao alikuwa amemwona kwa macho yake. Lakini habari ya namna hii ikiisha kuondoka haimngojei shahidi. Na mjane akifukuzwa katika shamba la ukoo wake kwa jina la uchawi, aende wapi? Ndugu zake wamo katika bonde lile lile, nao wamesikia yale yale.

Ndipo nilipoogopa, nikaenda kwa mjomba. Hakunipiga. Aliniuliza ni kisa kipi, nikamfungulia ukurasa. Alikisoma chote kwa sauti ya chini, kana kwamba hajapata kukisoma, kisha akasema, "Kosa ni letu sote wawili. Nalikupa kitabu, nikaenda zangu." Kesho yake alimfunga kamba mbuzi wake mmoja, akanitanguliza njiani.

Bibi alitupokea, akatutandikia mkeka. Nalisema yote, nikitazama chini. Nilipokwisha hakuuliza kwa nini, wala hakunilaani. Aliniuliza neno nisilolitazamia: "Mjukuu wangu, ulipoianza hadithi hiyo, nani alikuitikia?" Nikajibu kwamba hakuniitikia mtu. Akamgeukia mjomba, akasema, "Basi haikuwa hadithi. Ilikuwa umbeya."

Jumapili iliyofuata baba alinisimamisha mbele ya watu, nikasema niliyoyatenda. Wengine walisadiki, wengine hawakusadiki. Jina la mchawi halifutiki kwa tangazo moja. Kwa mwaka mzima nalimtekea bibi maji. Jioni alinisimulia hadithi, mara kwa Kiluguru, mara kwa Kiswahili, nami naliitikia. Wako watu waliozunguka mbali na mlango wake hata siku alipofariki.

Wenzangu, nimelitafakari lile swali lake miaka zaidi ya 30. Wasimulizi wetu wana desturi ambayo sisi tuliokwenda shule twaiona kuwa ya kitoto. Msimulizi haanzi bila kupiga hodi. Asema, "Paukwa," nao wamjibu, "Pakawa." Au asema, "Hadithi, hadithi," nao wote huiita hadithi ije, na uongo nao uje, na utamu ukolee. Angalieni neno lile la katikati. Kabla sungura hajatia mguu njiani, wote waliohudhuria wamekwisha kukubaliana kwamba watakayoyasikia si habari ya jirani yao. Na hadithi ikiisha, msimulizi husema kwamba imekwisha, watu wakaenda kulala. Ina mlango wa kuingilia na wa kutokea, na mwenye nyumba yupo.

Je, kitabu hupiga hodi? Mtoto hukifungua peke yake chini ya blanketi. Herufi zake ni zile zile za Biblia, za gazeti na za barua itokayo serikalini. Katika kijiji ambamo kwa vizazi vitatu neno lililopigwa chapa limekuwa ndilo neno la kweli, nani amweleze mtoto kwamba hii ni hadithi na ile ni habari? Mimi sikuelezwa. Sikudanganywa na kitabu. Nalikipeleka mahali ambapo chenyewe hakikutaka kwenda.

Tena mtoto haji kwenye kitabu akiwa mtupu. Milima yetu yenyewe ina habari zake. Kolero, upande wa kusini, palikuwa na pango ambalo watu wa kale walisema mna nyoka mkubwa mwenye kutoa mvua, na Wazaramo walituma wajumbe mwendo wa siku nyingi wakamwombe. Martin Klamroth, mmisionari wa Misheni ya Berlin katika Uzaramo, aliziandika habari hizo miaka michache baada ya vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907. Nami nalizaliwa karibu na Kinole, makao ya Kingalu, ambaye jina lake latajwa pamoja na mvua mpaka leo. Basi nilipomsoma yule mchawi wa Alfu Lela Ulela nalikuwa tayari na pahali pa kumweka. Hili ndilo ninalotaka mlizingatie kuliko mengine. Mtoto wa London asomapo juu ya mchawi hana jirani wa kumdhania. Mtoto wetu anaye. Hadithi ile ile, ikivuka bahari, huchukua uzito mwingine.

Kwa hiyo siwezi kusema pamoja na wengine kwamba vitabu hivi havina neno. Wala siwezi kusema vichomwe. Wasemao vichomwe hututajia Efeso, katika Matendo ya Mitume mlango wa 19, ambapo vitabu vya uganga viliteketezwa, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Lakini isomeni sura ile polepole. Vitabu vile havikuwa hadithi; vilikuwa vitabu vya kazi, vya kufanyia uganga. Na waliovichoma ni wenye navyo, kwa kuungama kwao wenyewe. Hakuna mzazi aliyemnyang'anya mtoto. Vitabu vya namna ya Efeso vipo kwetu hata leo, vile vya kupiga falaki na kuandika hirizi, na sijaona mtu akiviingiza kanisani katika kanga. Hufichwa na watu wazima.

Wengine husema kwamba Alfu Lela Ulela ni vitabu vya dini nyingine, havitufai. Ni kweli kwamba hadithi zake nyingi zilisimuliwa na Waislamu, nao humtaja Mungu karibu kila ukurasa. Lakini historia yake ina mchanganyiko kuliko wadhanivyo. Mfaransa Antoine Galland ndiye aliyezitangulia lugha za Ulaya, akavitoa vitabu 12 tangu 1704 hata 1717. Maandiko ya Kiarabu aliyokuwa nayo hayakuwa na kisa cha Aladini wala cha Ali Baba. Hivyo alisimuliwa kwa mdomo huko Paris mwaka 1709 na kijana wa Aleppo katika Shamu, Hanna Diyab, naye alikuwa Mkristo wa kanisa la Wamaroni. Basi visa viwili vijulikanavyo kuliko vyote vilitoka kinywani mwa Mkristo wa Mashariki aliyekuwa mgeni katika mji wa watu, akimsimulia mzee aliyekuwa akiandika. Nao walikuwa wawili, mmoja asema, mmoja aitikia.

Na sisi tuitwao kwa jina la Luther tusijifanye wakali kuliko yeye. Mwaka 1530 Maungamo yetu yaliposomwa mbele ya Kaisari huko Augsburg, Luther hakuweza kwenda, kwa sababu ya hukumu iliyokuwa juu yake. Alikaa katika ngome ya Coburg, akifasiri manabii. Katika miezi ile ile alianza kuzifasiri hadithi za Esopo kwa Kijerumani chepesi, hadithi za mbwa-mwitu na kondoo, simba na punda. Alimwandikia Melanchthon kwamba atajenga pale vibanda vitatu, cha Zaburi, cha Manabii na cha Esopo. Kazi ile hakuimaliza. Sehemu aliyoifanya ilipigwa chapa baada ya kufa kwake. Nilipoisoma dibaji yake nikiwa mwanafunzi Makumira, nalishangaa kuona kwamba yeye naye hamfikirii msomaji wa peke yake. Amfikiri baba wa nyumba mezani, pamoja na mkewe, watoto na watumishi.

Maandiko nayo hayaogopi hadithi. Yothamu, katika Waamuzi mlango wa 9, aliwasimulia watu wa Shekemu habari ya miti iliyotaka mfalme, wala hakuna aliyetoka kwenda kuutafuta mti usemao. Natani alifanya kinyume. Alimwendea Daudi na kisa cha tajiri na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, wala hakupiga hodi. Daudi akadhani ni habari, akawaka hasira, akahukumu. Lakini Natani hakuenda zake, alibaki chumbani, akamfungulia mfalme maana yake pale pale. Hapo mjomba wangu angejiona.

Sasa niseme kidogo juu ya yale niliyoyapata kwa vitabu vile baadaye, maana faida nyingine hukawia. Nilipofika sekondari tulipewa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Wenzangu walishangaa kusoma kwamba Adili, liwali wa Janibu, kila usiku huwapiga mijeledi manyani wawili, kisha huwafariji na kuwalisha. Mimi sikushangaa; nalisimama nusu darasani. Nalikuwa nimekwisha kuwaona ndugu wale! Katika kitabu cha mjomba, mara baada ya mzee wa swala, huja mzee wa mbwa wawili weusi, nao ni ndugu zake waliomtupa baharini kwa wivu. Shaaban Robert aliichukua hadithi ya jinsi hiyo, akaondoa Baghdadi, akaweka Ughaibuni na Mfalme Rai, akawaita ndugu wale Hasidi na Mwivu, ili mtu asipotee njia. Majina yale ndiyo hodi yake. Hakuna asomaye jina Hasidi akaenda kumtafuta mtaani. Kila mtu humtafuta kifuani mwake. Wataalamu wa lugha wameandika mengi juu ya ufundi wa mtu huyu, aliyezaliwa Tanga 1909 na kufariki 1962, lakini hili nalilijua kwa kuwa nalisoma kwanza kwa kibatari, na kukosea.

Nirudi kwa yule mama. Kitabu chake nalikisoma chote, kwa siku nne. Kina yatima aliyelelewa vibaya na ndugu wa mama yake (jambo ambalo Mluguru halipendi hata kulisoma), kina shule ya bweni, mitihani, walimu waonevu na urafiki wa watoto watatu. Uchawi wake ni wa kijiti na maneno yenye sauti ya Kilatini, wala sidhani kwamba mtu awaye yote, Mkuyuni wala Matombo, angeweza kuufanyia kazi. Vitabu saba vya C. S. Lewis juu ya nchi ya Narnia, vilivyotoka 1950 hata 1956, vina uchawi pia, na mwandishi wake alikuwa Mkristo hodari wa kuitetea imani. Kwangu swali halikuwa limo gani kitabuni. Nalimwuliza mama, "Mwanao amekusimulia?" Akasema, "Mimi Kiingereza sikijui, Mchungaji." Nikasema hiyo ndiyo nafasi nzuri. Kijana hawezi kukusimulia pasipo kukigeuza Kiswahili, na akikigeuza atalazimika kujua asemalo. Umenyapo mihogo jioni, mwambie aanze. Naye akianza, wewe itikia.

Alicheka, akaona haya kidogo. Akasema hajaitikia hadithi tangu mama yake afariki.

Nikamwambia na neno moja gumu, nalo nawaambia wainjilisti vile vile. Siku mtoto atakapouliza kama bibi fulani wa mtaani ni kama wale wa kitabuni, usimpige kofi, wala usicheke, wala usiseme "nyamaza." Msikilize hata mwisho, umwambie wazi kwamba hapo ametoka nje ya hadithi. Kumtaja mtu kuwa mchawi kumekatazwa hata na sheria ya nchi, ile Sheria ya Uchawi iliyotungwa 1928, nayo ipo mpaka leo. Lakini sheria hufika baada ya mawe. Mzazi aweza kufika kabla.

Majuzi mama alinisimamisha sokoni. Hakuniuliza juu ya kuchoma. Aliniuliza kama najua yule yatima atapona katika kitabu cha mwisho, kwa kuwa mwanawe amekataa kumwambia kabla ya Jumamosi. Najua, lakini sikumwambia.

Hadithi za Alfu Lela Ulela zimefasiriwa upya kwa Kiswahili na Hassan Adam, zikatolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Walimu wapendao kuzisoma pamoja na watoto waweza kuzitafuta. Vitabu viwili vya mjomba vipo kwangu, na kurasa hazijakunjwa. Kile cha tatu cha Brenn sijapata kukiona mpaka leo. Ikiwa yuko msomaji wa gazeti hili aliye nacho, au ambaye babu yake alikiacha sandukuni, namwomba anijulishe kwa mkono wa mchungaji wake. Sitakichukua. Nitakuja kukisoma kwake, ikiwa ataniitikia.